Ndizi Mahali pa Mtoto

Joanitha anauza vitenge Miembeni, na kazi hiyo imemfundisha kutobishana. Mteja haambiwi kuwa kitambaa ni kizito; anashikishwa. Kwa hiyo nesi wa kliniki alipomwonya kwamba mtoto mchanga asilale katikati ya wazazi, hasa kama mmoja wao amekunywa, hakurudi nyumbani Kibeta na hotuba.

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Mtoto wao, Mwesiga, akilazwa nje ya chandarua, kuna malaria. Akilazwa ndani, anabanana na baba yake, Avit, ambaye anakamua rubisi, pombe ya ndizi, na mkamuaji lazima aonje. Avit si mlevi, ila siku ya kazi hulala kama gogo.

“Na gogo halijigeuzi,” alimjibu mkewe kwa majivuno alipomtajia neno la nesi.

Mama yake Avit, Ephrasia, aliyekuja kutoka Muleba kumtunza mzazi, alimuunga mkono. Wanawe wote walilala katikati ya kitanda wakakua, na mwanamume anayehamishwa kitandani huchekwa. Hilo la kuchekwa Joanitha hakulidharau. Alitaka mtoto awe salama bila Avit kujiona amefukuzwa mbele ya mama yake.

Jumamosi Avit alirudi mchana kutoka kukamua, akajitupa kitandani. Mtoto alikuwa uani, bibi yake akimwogesha. Joanitha alichukua kichane cha ndizi mbivu, akakifunga kwa kitenge cha mtoto, akakilaza pale anapolala Mwesiga. Kisha akaenda jikoni kumenya matoke.

Avit alipoamka aliita, akiuliza ni nini kimemlowesha. Joanitha akaingia pamoja na mama mkwe, mtoto begani. Kitenge kilikuwa chini ya ubavu wa Avit. Ephrasia alikifungua mwenyewe. Ndani hapakuwa na ndizi nzima hata moja.

“Waitu, jamani, kumbe hata usingizini unakamua,” alisema, lakini hakucheka.

Avit alikitazama kitenge, akakijua ni cha nani. Joanitha alisema kwa upole, “Chandarua hakiwezi kutoka juu ya mtoto. Mimi siwezi kutoka kando yake, maziwa ninayo mimi. Anayeweza kutoka ni wewe, Baba Mwesiga.”

Ephrasia ndiye aliyeanza kukunja shuka.

Kabla jua halijazama, Avit alikuwa amebeba kitanda kipana hadi sebuleni, akakitundikia chandarua kipya alichotoka kununua. Chumbani kikaingia kitanda chembamba cha Joanitha, na kando yake kitanda kidogo cha mtoto chenye kingo, vyote Avit alivyovinunua kwa fundi wa jirani. Vyote viwili vikaenea chini ya chandarua kile kile cha zamani. Mwesiga akalazwa chali kwenye kigodoro kigumu, bila mto.

Kwenye kukamua kulikofuata, mwenzake Rutaihwa alimuuliza kama ni kweli mke amemtupa sebuleni.

“Nimempisha mwanangu,” Avit alisema, akamsimulia habari ya ndizi. “Na kitanda kipana ninacho mimi.”

Rutaihwa, ambaye mkewe anakaribia kujifungua, aliacha kucheka, akauliza kama zile ndizi zilikuwa zimeiva sana kiasi cha kupondeka zenyewe.