Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Kabla hajashika mausi, mama huyu anafuta skrini kwa kitambaa cha miwani, anavuta kiti, anavuta tena. Mbele yake kinatokea kifuniko cha pampu ya maji, mistari ya kijani juu ya weusi. Anakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua sufuria dukani.

Jicho moja liko hapo. La pili liko meza ya jirani.

"Yule ni wifi yangu, dada wa mume wangu," ananong'ona, akimwonyesha kwa kidevu. "Kazi hii nimemfundisha mimi. Leo anachora kama anakunywa maji, na roho inaniuma."

Mafundi wa karakana wanamwita Mama Milimita. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akichora vipuri kwa kompyuta, nao wanavichonga kwa chuma. Akikosea kidogo tu, chuma kinaishia jalalani.

Wifi alipokosa kazi, yeye ndiye aliyemwombea nafasi hapa. Akamkalisha ubavuni, akamshika mkono juu ya mausi kama mtoto anayefundishwa kuandika. Mchana walikula chombo kimoja.

Kisha nafasi ya mchoraji mkuu ikawa wazi. Kila mmoja akaanza kula kwenye meza yake.

"Hata nyumbani sikupumua. Mume wangu akiuliza, 'Dada hajambo kazini?' namjibu, 'Si ana simu? Mpigie.'"

Mwezi uliopita fundi mkuu aliingia mbio, karatasi mkononi, meneja nyuma yake.

"Mama Milimita, mikono hiyo itunzwe! Kifuniko kimekaa bila kuguswa na tupa ya kusawazishia. Huyu ndiye mchoraji mkuu, mnatafuta nani tena?"

Mama Milimita akaitazama karatasi. Kona ya chini, mkono wa kulia, ndani ya kisanduku cha mchoraji, pameandikwa jina lake. Lakini mchoro haukuwa wake.

Wachoraji hawaanzi na ukurasa mtupu. Wifi alikuwa amefungua faili la zamani la Mama Milimita, akalinakili, akafuta, akachora upya. Jina akalisahau.

"Wifi alinyanyuka nusu, akaketi. Ananitazama mimi, mimi natazama karatasi. Nafasi ile niliitaka, jamani! Niliitaka kweli."

Akamrudishia fundi karatasi.

"Si wangu," alisema. "Mimi ningeweka bolti nne, kikavuja; hapa ziko sita. Huo ni wa wifi."

Nafasi ikaenda meza ya jirani.

"Jioni akaniambia, 'Wifi, ungenyamaza tu, nani angejua?' Nikamwambia, 'Wewe. Na ungenisema mpaka siku ya mazishi yangu.'"

"Na ningekusema kwa sauti!" wifi anadakia kutoka mezani kwake, bila kuinua macho.

Na wivu, umekwisha?

"Uishe uende wapi? Kila nikimwona kwenye kile kiti, bado nakitaka. Ila chakula tunakula tena pamoja. Ananimalizia nyama."

Sasa Mama Milimita amepewa pampu kubwa kuliko zote zilizowahi kuchongwa hapa, aichore mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ameanza kwa kunakili faili la kifuniko cha wifi.

"Ni kizuri, nifanyeje?" anasema, akisonya. "Lakini nataka pampu hii ikitoka, yeye ndiye aje kunakili kwangu."

Anashuka hadi kona ya chini. Angeweza kulifuta jina la wifi kwa mbofyo mmoja. Analifuta herufi moja moja, bila haraka, kisha anaandika lake.

"Kona kwanza," anasema. "Pampu itafuata."