Mbegu Niliyoivua Masizi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilimwaga ndoo nzima ya maji kwenye mafiga ya bibi yangu huku napiga mluzi. Majivu yakaruka, moshi ukajaa nyumba, mke wangu Agata akatoka nje anakohoa. Mimi nikacheka. Enzi hizo mdomo wangu ulikuwa unafika mahali mapema, halafu akili inakuja nyuma na mkongojo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, halafu nikafanya kazi Mufindi, jikoni kwa Mzungu mmoja wa chai. Kuoka mkate, kuchemsha supu ya karoti, kukaanga mayai bila kupasua kiini, hayo nilijifunza huko. Usicheke. Mwanaume akijua kupika, siku mke wake akiumwa watoto hawalali njaa.

Niliporudi na kuoa, bibi mzaa baba akaniita. Babu alikuwa amefariki, na bibi anahamia Kihesa kwa shangazi yangu, mwendo wa nusu siku kwa mguu. Aliniachia nyumba yao, tembe la zamani lenye paa bapa la udongo. Ukuta mmoja ulikuwa umelala kama mlevi wa ulanzi. Aliniachia pia mahindi ya mbegu, mafungu manne, yamefungwa kwa maganda yake kwenye boriti juu ya moto. Meusi kama kitako cha sufuria.

"Mume wangu," akaniambia, maana kwetu bibi anamtania mjukuu hivyo, "nyumba itengeneze, mbegu ipande. Mengine utajua mwenyewe."

Kazi niliifanya, hilo siwezi kujidharau. Ilikuwa kiangazi, mahindi ya watu yameshavunwa. Niling'oa nguzo zilizooza nikasimamisha mpya. Tulikanyaga udongo kwa miguu, mimi na Agata, mpaka magoti yanauma, tukakandika ukuta, tukasiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Bondeni tukalima vinyungu, zile bustani zetu za kiangazi kwenye unyevu, tukapanda maboga, maharage na viazi. Watu wakipita wanasema, "Kijana anajituma." Ndipo kichwa kikavimba.

Nikaamua nyumba yangu isinuke moshi. Mufindi nilikuwa nimeona jiko liko mbali na chumba cha kulala, nikajiambia huo ndio ustaarabu. Nikajenga kibanda cha jiko nje, nikazima moto wa ndani, mafiga nikayatupa nyuma ya zizi. Kuta nikazipaka udongo mweupe wa mtoni. Halafu nikatazama yale mahindi meusi, nikaona yananiaibisha. Nikayashusha, nikayavua maganda yake yenye masizi, nikayafuta na kitambaa moja moja, nikayatundika ukutani kama mapambo ya harusi.

Agata alisimama mlangoni na ungo mkononi.

"Wewe bwana, kwetu mbegu hailali bila moshi."

"Kwenu mbegu inavuta tumbaku?"

"Mimi nimekuambia."

"Na mimi nimesikia, bibi harusi. Nenda katazame maboga."

Hakubishana. Alikwenda. Mwanangu, mtu akikuambia jambo mara moja tu halafu akanyamaza, usidhani umemshinda.

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Jioni tukikaa kula, unga mwembamba ukawa unadondoka kutoka darini, unaingia kwenye maharage. Wadudu walikuwa wanatafuna boriti. Mimi nikasema, "Kula, hiyo chumvi ya bure." Agata akafunika bakuli kwa mkono, akaendelea kula.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukaa juu ya milima, bibi akaja kutoka Kihesa na fimbo yake, anataka kuona tunapanda.

"Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe, tukaitika. Akaingia. Akasifu ukuta. Akaipapasa sakafu kwa kiganja, akasema imesiribwa vizuri. Mimi nimejaa kama chura. Halafu akasimama katikati ya nyumba, pale mafiga yalipokuwa, akageuka geuka kama mtu aliyepotea sokoni.

"Mke mwenzangu," akamwita Agata, "mume wetu huyu moto kaupeleka wapi?"

"Nje, bibi."

"Huo moto umemkosea nini?"

Agata akaangalia chini, nadhani anazuia kicheko. Bibi akaenda ukutani, akashusha hindi moja. Alilifinya kidogo tu mkononi. Punje zikamwagika kama pumba, na fukusi wakakimbia juu ya vidole vyake. Akachukua la pili. Hivyo hivyo. Akaendelea mpaka la mwisho, hana haraka, na kila moja analiweka chini kwa adabu kama anaweka maiti. Kati ya mafungu manne hapakupona hata punje za kujaza kiganja.

Mvua ilikuwa juu ya vichwa vyetu na mimi sina mbegu. Mahindi ya chakula tulikuwa nayo kidogo, yameshakobolewa, ya kutufikisha mwezi wa pili labda. Baada ya hapo, njaa. Na Agata alikuwa na mimba ya miezi minne. Nilitafuta utani wa kusema, nikaukosa. Ndiyo siku ya kwanza maishani kukosa utani.

"Bibi, mimi nilitaka tusilale kwenye moshi. Unaumiza macho," nikasema.

"Unaumiza." Akanisogezea uso wake. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, tangu nimjue yako hivyo. "Nani kakuambia mimi naupenda moshi? Umeniliza tangu nimeolewa. Kila mwaka nimelia, na kila mwaka nimepanda. Nikikaa kwenye moto ule, fukusi hawakai kwenye mbegu, na mdudu hagusi boriti. Ungeniuliza, ningekujibu. Nilikuwa Kihesa tu, sikuwa Ulaya."

Usione vyaelea, vimeundwa, wanasema watu wa pwani. Sisi wa milimani hatuna cha kuelea, lakini na kilichoning'inia darini nacho kuna mtu alikilipia.

Bibi hakulala kwangu. Alisema kwa shangazi amehifadhi kibaba kimoja cha mbegu ile ile, juu ya moto wa jikoni. Nikainuka haraka nimsindikize kuichukua.

"Wewe kaa," akaniambia. "Kesho atakuja mke mwenzangu. Yeye ndiye aliyekuonya, nimeona usoni kwake. Mbegu nampa yeye, na tangu leo yeye ndiye mwenye mbegu katika nyumba hii. Wewe kazi yako kuni."

Agata alikwenda na kurudi na kibaba kile kimefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa nimeyarudisha mafiga ndani, na moto unawaka. Kibaba kilitosha pembe moja ya shamba. Kwingine tulipanda viazi na maharage. Kuanzia mwezi wa pili tulikula viazi asubuhi, viazi jioni, na mimi mpishi wa Mzungu nikavipika kila namna niliyoijua, mpaka namna zikaisha. Boriti mbili nilizibadilisha kwenye mvua. Mahindi ya pembe ile yalipokomaa, mtoto wetu ameshazaliwa, tulivuna yote tukayafunga darini kwa maganda yake. Hatukula hata moja la kuchoma. Unakaa na njaa yako chini, unatazama chakula juu, kinageuka cheusi taratibu. Majuto ni mjukuu, lakini yule mjukuu nilimlea mwenyewe.

Mwanangu, sikuambii uishi kama bibi yangu. Baada ya miaka nilipoweza kuezeka bati, nilitoa moto ndani, macho ya Agata yakapumzika. Lakini nilijenga kwanza ghala, nikawasha moto mdogo chini yake, ndipo nikaondoa mafiga ya ndani. Ninachokuambia ni hiki: ukikuta jambo la wazee linakuchekesha, cheka. Halafu muulize aliyelia kwa ajili yake linafanya kazi gani. Ukishajua, na una kingine cha kufanya kazi hiyo, liondoe. Na mtu wa nyumbani kwako akikuonya, usimjibu kwa utani, maana utani haupandwi ukaota.

Mungu akupe paa lisilovuja, akupe mwenza anayesema, akupe na masikio ya kumsikia, na mvua ikikukuta, ikukute una mbegu mkononi.