Dhoruba ya Jua na Jicho la Mama

Mimi ni mpima ardhi, na kila asubuhi, kabla ya kutoka kwetu mtaa wa Kuze, hapa kisiwani, hutazama kwenye simu utabiri wa jua. Si wa mvua wala joto, ni wa jua lenyewe. Jua likitema moto wake, dhoruba hutufikia ikaitikisa sumaku ya dunia, na mawimbi ya satelaiti yakavurugika. Hapo chombo changu hukosea, mpaka wa shamba ukaingia kwa jirani, na ndugu wakashikana mashati.

Siku moja nikiwa kazini mama alinipigia simu. Nilichoka kumsikiliza, nikakata. Jioni nikamwambia ni jua lililoikata, nikajiona mjanja sana. Mama akalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Tangu hapo goti likimuuma ni jua, mahamri yasipoumuka ni jua, na jirani yetu wa ghorofa ya chini, badala ya kuniuliza nimeamkaje, akawa aniuliza jua limeamkaje.

Ningecheka mpaka leo, lau si mtoto wa jicho. Mama, mwalimu mstaafu, alikuwa haoni tena maandishi. Daktari alisema operesheni ni ya muda mfupi, ila tusizidi kuchelewa. Asubuhi ya kwenda, mama akaniuliza habari za jua. Nikasema kweli: limechafuka kidogo. Akavua buibui, akaketi, akalishika jicho lake.

"Siendi. Mashine za daktari zikivurugika, jito langu watalitia wapi?"

Nikamweleza kuwa dhoruba hizo hazimgusi daktari wala kisu chake. Akaniuliza kama ile simu ilikatwa na jua au haikukatwa. Nikampigia daktari, tukapanga siku nyingine. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Nilikasirika, tena nilijikasirikia mwenyewe zaidi, na niliogopa atapofuka kwa ujanja wangu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Nikafungua simu, nikakuta dhoruba kali kuliko zote nilizoziona mwaka ule. Mama alikuwa tayari kashika mkoba.

"Lanenaje leo?"

"Limetulia, mama. Halijapata kutulia hivi."

Akanitazama kwa lile jicho lake la ukungu, akashuka ngazi. Kazini sikwenda, maana siku ile chombo changu kisingefaa kupima hata baraza. Nikaketi nje ya chumba cha operesheni nikisoma dua zote nilizozijua. Sayansi yangu naijua vizuri, lakini kila taa ilipopepesa niliinuka.

Kesho yake akafunguliwa bandeji. Alisoma ubao wa mlangoni, akasoma karatasi ya dawa, kisha akaomba simu yangu. Nikampa kwa furaha. Akaipekua mpaka tukafika nyumbani.

"Jana jua lilikuwa na dhoruba, mwanangu."

"Naam, mama."

"Nawe ulijua."

"Nalijua."

"Haya. Kuanzia kesho utabiri nitausoma mimi."

Na kweli hunisomea, kwa sauti yake ya darasani, simu kaishika mbali nisiione. Nikiwa na kazi ya papa hapa kisiwani, jua huwa shwari. Nikisema nasafiri wiki nzima kwenda Taita, jua huchafuka vibaya sana, nami hurudisha begi chumbani.