Mafuta ya Bei ya Zamani

Mwaka ule wa uchaguzi, kodi ya mauzo ndiyo ilikuwa habari ya mtaa wetu. Hata watu ambao hawakuwahi kuizungumzia siasa walikuwa na msimamo juu yake: ipunguzwe kwenye chakula, au iachwe ilivyo kwa sababu ndiyo inayolipa walimu na wauguzi. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nikiyasikia haya dukani, kwa kuwa baba na mwenye duka walikuwa marafiki, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumwita baba chakula kikiiva.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Mwenye duka asili yake ilikuwa Mombasa. Babake alihamia Pumwani zamani, naye akaja kufungua duka huku kwetu, nyumba za baraza la jiji, Eastlands. Watu wazima walimwita Sheikh ingawa hakuwa amesomea dini kuliko wengine. Jioni baba alikaa kwenye kreti la soda nje ya kaunta, wakabishana.

"Kodi ikishuka, bei itashuka," baba alisema.

"Fundi, wewe unajua vyuma," Sheikh alimjibu. "Biashara huijui. Ikishuka huko juu, itaishia huko huko juu. Mwenye kiwanda ataimeza kabla haijanifikia mimi."

Mgombea mmoja alikuja kufanya mkutano katika ukumbi wa mtaa. Alisema akichaguliwa ataitetea sufuria ya mama wa Eastlands bungeni. Mpinzani wake akaja wiki iliyofuata, akasema anayetaka kodi ipungue atuambie kwanza zahanati itapata dawa wapi. Wote wawili walipigiwa makofi. Katika mkutano wa kwanza baba alisimama, akasema kwamba mfanyakazi hulipa kodi mara mbili, kwanza kwenye mshahara, kisha kwenye sahani. Ukumbi ulishangilia. Mama, aliyekuwa ameketi na akina mama wa kwaya, aliinamisha kichwa akitabasamu.

Yule mgombea wa kwanza alishindwa. Hata hivyo, kwenye bajeti iliyofuata, Waziri wa Fedha alitangaza kwamba kodi ya vyakula kadhaa imepunguzwa, mafuta ya kupikia yakiwemo. Tulisikia kwa redio. Mama hakungoja maelezo zaidi. Asubuhi alikwenda dukani na wenzake, wakakuta bei ni ile ile.

"Haya niliyanunua na kodi ya zamani," Sheikh aliwaambia, mkono juu ya mikebe. "Yakiisha nitaleta mengine, mtauziwa kwa bei mpya. Nikiyauza sasa kwa bei ya Waziri, hasara ni ya nani?"

"Na bei ikipanda," mama aliuliza, "huwa unangoja yaishe?"

Alianza kuipanga upya mikebe. Nafikiri jibu alilijua, na kila mtu pale alilijua.

Kuanzia siku hiyo akina mama wakawa wanakwenda kununua katika soko la Gikomba, kwa miguu. Hawakuitisha mkutano wala kutangaza mgomo. Walipita tu mbele ya duka na vikapu, wakimsalimia Sheikh kwa heshima zote, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko matusi.

Jumamosi moja baba alirudi na mkebe wa mafuta. Aliuweka mezani. Mama aliutazama.

"Umeununua wapi?"

"Kwa rafiki yangu."

"Kwa bei gani?"

"Bei yake."

"Wewe uliyesimama pale ukumbini?"

Baba alisema serikali ni serikali na jirani ni jirani. Alipougua mama, ni mke wa Sheikh aliyetupikia. Mama alikubali kwamba ni kweli, kisha akauchukua ule mkebe akaupandisha juu ya kabati bila kuufungua. Kwa siku kadhaa tulikula mboga za kuchemsha. Baba alikula bila kulalamika, na sisi watoto tukajifunza kutomtazama usoni.

Aliyeumaliza ugomvi huo ni mke wa Sheikh. Alikuja kwetu alasiri, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani na mama. Mimi nilikuwa nafua nje ya dirisha. Nilimsikia akisema, "Dada, mikebe imejaa na mume wangu halali. Ningekuwa wewe, nami ningekwenda Gikomba. Lakini mimi si wewe." Mama alimmiminia chai. Walizungumza juu ya watoto, juu ya harusi ya jamaa, na mafuta hayakutajwa tena.

Kesho yake Sheikh alishusha bei. Akina mama walirudi mmoja mmoja. Hasara aliibeba mwenyewe, na baba alipokwenda kukaa kwenye kreti lake, Sheikh alimwambia, bila hasira, "Fundi, maneno yako ya ukumbini yameninyang'anya mtaji." Baba alijibu kwamba angeyasema tena. Baada ya hapo walisalimiana na kuulizana hali, lakini baba alikaa nyumbani jioni nyingi zaidi, akisoma gazeti lile lile mara mbili.

Kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena. Sababu iliyotolewa ni usafirishaji. Hakuna aliyefanya mkutano.

Miaka michache baadaye Sheikh alifunga duka na kurudi pwani na familia yake. Baba aliomba ruhusa kazini akawasindikiza stesheni, nami nikaenda kumbebea mke wa Sheikh mtoto. Treni ilichelewa. Wale wanaume wawili walisimama penye mizigo, na sijui nani alianza, lakini niliposogea niliwasikia wakibishana kama ile kodi ilimsaidia yeyote, baba akisema ndiyo, mwenzake akisema huoni, Fundi, huoni, huku amemshika mkono. Filimbi ilipopigwa, walikuwa bado hawajakubaliana.