Magaga ya Mama

Harufu ya mshumaa uliozimwa hunipandisha hasira mpaka leo.

Mama alikuwa ametoka kupandikiza mpunga Idete. Aliloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaikausha, nami nikaanza kumdondoshea nta ya mshumaa kwenye magaga, maana visigino vilikuwa vimepasuka hadi damu. Shangazi, mgeni wetu kutoka mjini, akakunja pua.

“Wifi, miguu hiyo huoni aibu?”

Alisema hivyo mdomo umejaa wali wa mpunga uliolimwa na miguu hiyo hiyo.

“Matope hayachagui, wifi,” mama alijibu taratibu.

Kesho yake shangazi alitangulia kwenda stesheni na viatu vyake vya mchuchumio. Mama alimfuata pekupeku juu ya kokoto, kichwani amembebea kiroba cha mchele.