Pampu ya Dripu Niliyoivusha Feri Bila Kuifungua

Sababu ya safari yangu ilikuwa moyo wa Bi Mishi. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo huku Mtongwe, na yeye ndiye aliyenisomesha Kurani utotoni, kwa fimbo na kwa mapenzi, fimbo ikitangulia. Alikuwa amelazwa kwetu, kaishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Kwa moyo dhaifu kama wake, dripu ikienda mbio maji yangemjaa mapafuni. Ikienda pole mno, figo zingegoma. Basi tulikaa kando ya kitanda na saa, tukihesabu matone ishirini kila dakika, mpaka macho yakawasha. Hapo ukaja mwaliko: maonyesho ya pampu za dripu, Kisauni, na zahanati ndogo zingeazimwa moja moja za kujaribu. Pampu hujihesabia matone yenyewe, haisinzii, wala haiombi ruhusa ya kwenda chooni.

Saa mbili asubuhi nilimuaga. Mjukuu wake Rukia, mwalimu wa chekechea, alishika zamu ya kuhesabu.

"Mwalimu, naenda kukuletea mashine."

"Haya, mwanangu. Enda salama. Ila usinirudie na maneno matupu, wallahi hayo ninayo ya kutosha."

Likoni, ndani ya feri, nilisoma kijitabu cha mwaliko. Kiliandika kwamba soko la pampu linakua kwa kasi ya ajabu, ulimwengu mzima. Nilitazama nilikotoka. Mtongwe soko hilo halijafika. Labda lilikuwa upande wa pili likingoja feri.

Saa nne nilifika Kisauni. Ukumbi ulikuwa ule ule wa harusi, na pampu zilipangwa jukwaani, pale anapokalishwa bibi harusi, zikizungukwa na maua na taa za rangi. Nimeona maharusi waliopambwa kidogo kuliko hizo. Aliyezinadi alikuwa Bwana Denis, mtu wa kampuni kutoka Nairobi, ndani ya suti nzito. Jasho lilimtiririka vizuri tu, bila pampu.

"Madam, hii kitu ni noma," aliniambia. "Inaongea na simu. Inajua jina la mgonjwa. Inatuma ripoti yenyewe."

"Na kuhesabu matone?"

"Aa, hiyo ni kitu ndogo sana. Hiyo hata hatuweki kwenye tangazo."

Alizungumza saa nzima juu ya ubunifu, na kila aliposema ubunifu tulipiga makofi, kwa maana harufu ya biriani ilikuwa imeshaanza kuingia. Baada ya kula nilikabidhiwa boksi langu, limefungwa utepe mwekundu.

"Fungua uione, Madam."

"La, ahsante sana. Nitaifungua nyumbani."

Wasiotujua watashangaa. Kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Ni kama kumwambia humwamini, au una uroho. Walisema wazi kwamba pampu ni ya kuazima. Lakini kitu kikishafungwa utepe, mtu wa pwani akili zake zinahamia harusini. Nilishukuru mara tatu, nikaondoka na boksi.

Kwenye feri ya kurudi nililipakata kama mtoto mchanga. Mama mmoja alinipisha nafasi nikae, nami nikakubali bila aibu.

Alasiri nilifika zahanati. Rukia alikuwa bado anahesabu, midomo ikicheza, macho mekundu. Nilikata utepe kwa mbwembwe. Ndani mlikuwa na pampu, waya wa umeme, kijitabu cha lugha saba, kalamu, na fulana mbili. Mpira wa kupitishia maji haukuwemo. Tulijaribu mpira wetu wa kawaida, pampu ikapiga kelele zahanati nzima ikashtuka. Kumbe haikubali mpira wowote ila wa kampuni yake.

Nilipiga simu.

"Hiyo mipira ni ya kuagiza, Madam," alisema Bwana Denis. "Kama wiki sita hivi. Lakini si nilikuambia ufungue?"

Niliona haya mpaka nikataka kulia. Siku nzima nimemwachia Rukia mgonjwa, nimerudi na fulana.

"Hukuifungua mbele yao?" aliuliza Bi Mishi kutoka kitandani.

"Ni adabu, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha adabu ya halua, sikukufundisha adabu ya dawa. Mpe Rukia tasbihi yangu."

Tukaanza upya. Kila tone, punje moja. Jicho lilibaki kwenye tone, kidole kwenye punje, na saa tukaitazama mara moja tu, tasbihi ya punje tisini na tisa inapokwisha. Ilipaswa kuchukua dakika tano. Ikiwahi, tunabana mpira kidogo, ikichelewa, tunalegeza. Tulipokezana hivyo, mimi na Rukia, na tulipopitiwa na usingizi Bi Mishi alituamsha mwenyewe kwa sauti ile ile ya madrasa. Siku ya tatu aliomba uji, akaulalamikia. Nilijua amepona.

Pampu ilikaa rafuni na utepe wake. Wiki iliyofuata Bwana Denis alipiga simu, alitaka maoni ya kuandika kwenye ripoti.

"Andika kwamba tangu ifike haijakosea hata tone moja."

Alifurahi sana. Akaniomba nirudie polepole, aandike.

Mwezi ujao maonyesho yanahamia Changamwe, nami nimealikwa nikazungumze kama mteja aliyeridhika. Nimekubali, maana huko nako maboksi yenye utepe yatagawiwa. Jana Bi Mishi alikuja zahanati kwa miguu yake, akanitilia makasi mkobani, akafunga zipu, kisha akanipiga kofi dogo mkononi kama zamani.

"Mbele yao," alisema.

"Abee, Mwalimu."