Siku Marekani Walipofungwa kwa Betri Yangu

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya kutunza redio ya ukumbi wa ustawi Bukoba, Bwana Ustawi, afisa wa ustawi wa jamii, hakunionyesha hata kiti. Alinipa kipimo cha asidi: bomba la kioo lenye chelezo ndani, la kunyonyea asidi kutoka kwenye betri ya redio.

"Chelezo kikielea juu, betri ina nguvu. Kikizama, zima redio. Ukiniulia betri, rudi kwenu Kishanda ukapalilie migomba."

Nilisoma hadi darasa la pili, basi. Lakini hilo nililielewa kuliko makarani wengi.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa ukumbi wa ustawi wa Muleba, chini ya Karani wa Ukumbi, mtu wa makelele. Niliongeza maji ya betri, nikapaka grisi vichwa vyake visishike kutu, na kila ilipochoka niliipeleka mjini kuchajiwa.

Pale Muleba palikuwa na Mmarekani aliyejenga zahanati ya misheni. Wiki nzima alijisifu kwamba timu yao ya taifa itawafundisha Waingereza mpira. Jioni ya mchezo ukumbi ulijaa watu wakitafuna punje za kahawa. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, aliketi mbele kabisa. Karani akatufasiria Kiingereza cha redioni. Marekani wakafungwa, wakafungwa tena.

"Waitu, bwana wetu, kwenu hakuna golikipa?" mkulima mmoja akamwuliza Mmarekani.

"Yupo. Si ndiye anayeokota mipira wavuni?"

Kipindi cha pili nikapima. Chelezo chini. Nikazima.

Ukumbi ukalipuka. "Washa, mpumbavu we!" Karani akafoka. Bwana Shauri akasimama. "Unamwonea huruma Mmarekani? Kesho huna kazi."

Nilikuwa na mke na watoto wanne. "Bwana, pima mwenyewe," nikamwambia.

Mmarekani ndiye aliyekipokea kipimo. Akapima, akakiinua kwenye mwanga. "Huyu kasema kweli. Betri imechoka." Akatoka nje, akarudi amekumbatia betri ya lori lake. "Unganisha hii. Tusikie mpaka mwisho."

Tukasikia mpaka mwisho. Walifungwa vibaya, naye akacheka kuliko sisi sote.

Kutoka, tukairudisha betri, lakini ilikuwa imechoka nayo; lori likakataa kuwaka. Tukalisukuma hadi mteremkoni, Bwana Shauri akisukuma nami bega kwa bega, mikono ya shati ameikunja. "Kesho uje kazini mapema," akaniambia, akihema.

Nimestaafu sijaua betri hata moja. Nyinyi vijana, mkubwa akikufokea na kazi yako unaijua, usibishane naye. Mpe kipimo ashike.